Bangili Iliyobaki Nje ya Mstari Mwekundu

Nyinyi wasichana mlioachiwa chumba cha kuvulia, kwanza muache kucheka. Juzi nilikuja kupima presha, nikapita pale mlangoni. Nikaona mama mmoja anavua hereni, na mmoja wenu anamwambia aziweke chini ya benchi, pamoja na viatu. Chini! Nikaenda zangu kimya, kwa sababu mtu akishapumzika kazi hana tena ruhusa ya kupiga kelele ndani ya hospitali. Lakini karatasi haina mlinzi mlangoni, donc nitapiga kelele hapa.

Vitu vya mgonjwa vinashikwa mkononi. Unatandika kitambaa kwenye mapaja yako, anavua moja, unapokea moja, unaweka pale anapoona. Mama akiona vitu vyake viko na mtu wa kuvichunga, mabega yanashuka. Mabega yakishuka, hatatetemeka ndani ya mashine. Akitetemeka picha inaharibika, na daktari hataona kitu. Kazi yenu inaanzia kwenye mabega.

Ile mashine sisi tunaiita IRM, watu wa upande wa Kampala wanaiita MRI. Majina hayana shida. Ni sumaku, basi. Sumaku kubwa kama jikoni kwangu, na haizimwi, hata mukienda kula. Ndiyo maana kuna mstari mwekundu sakafuni mbele ya mlango wake. Chuma hakivuki. Na mwanamke wa Kisangani, ninyi mnamjua, anatembea na duka zima mwilini. Pini ya liputa, ile nguo ya kujifunga kiunoni. Ufunguo wa kufuli umefungwa kwenye kamba ya sidiria. Medali ya Bikira Maria. Hirizi ndani ya kibati. Mumuulize mara ya kwanza atasema hana kitu. Mara ya pili atakumbuka hereni. Mara ya tatu ndipo ukweli unatoka.

Kulikuwa na mama wa duka la jumla, mtu wa Butembo, mzito, wa heshima. Akaapa kwa watakatifu wote kwamba hana chuma. Nikamuuliza juu ya nywele, akaniangalia kama nimemtukana. Bon, tukafika mlangoni. Kuvuka mstari tu, nywele zikaanza kumvuta kichwa. Tonton Dieudonné, yule fundi wa mashine, akapiga kelele: "Mama, rudia nyuma! Rudia!" Wigi ikaruka, ikaenda kujibandika kwenye mdomo wa mashine, ikabaki pale kama paka. Ilikuwa na vibanio vya chuma ndani. Mama akaiangalia, akajishika kichwa, akasema kwa sauti ya kanisani:

"Ile haiko yangu."

Tonton Dieudonné alicheka mpaka akakaa sakafuni.

Sasa haya yote, ya kitambaa na ya kuuliza mara tatu, sikuyazaa mimi. Mimi niliingia hospitali kufagia. Shule niliacha nikiwa mdogo, na hata leo ninaandika polepole, kila neno ninalitafuta kama mtu anayechambua mchele. Aliyenitoa kwenye ufagio ni Mama Zaituni.

Yeye alikuwa mkubwa wangu katika kazi na katika miaka, nikamuita yaya, ndiyo kusema dada mkubwa. Alikuwa mtoto wa zile familia za Waislamu wa zamani za mjini, ambao mababu zao walikuja na biashara kabla ya Wazungu. Mrefu, mwembamba, kitambaa cheupe kichwani kila siku ya Mungu. Na mkono wake wa kushoto ulikuwa na bangili ya fedha, nzito, ya bibi yake. Hakuwa anabisha mlango kwa vidole. Alikuwa anabisha kwa bangili: ko, ko. Mara mbili, halafu anangoja. Hata mlango ukiwa wazi. Alikuwa ananiambia, "Vero, mutu akiwa uchi, mulango iko nguo yake. Bisha kwanza."

Mimi ninakaa Lubunga, ng'ambo ya mto. Kila asubuhi nilikuwa navuka na pirogi, napanda toleka, ile baiskeli ya abiria, nafika hospitali nyuma ya kila mtu, na kabla sijamuona nilikuwa naisikia ile ko, ko ndani ya korido. Nikiisikia najua siku imeanza sawasawa. Hata sasa, nikiwa jikoni, kifuniko cha sufuria kikigonga, ninageuka.

Mashine ilipokuja, tuligawana kazi. Bangili ile haikuwa inatoka. Mama Zaituni alivishwa akiwa msichana, mkono ukakua ukaijaza. Kwa hiyo yeye alikuwa anabaki kwenye chumba cha kuvulia, anavua wamama, anafika nao mpaka mstari mwekundu, anasimama. Mimi nilikuwa ninawapokea upande wa pili, ninawaingiza. Alikuwa hajawahi kuvuka ule mstari. Ndani ya mashine alikuwa anakujua kwa kusimuliwa, kama mtu wa bara anavyojua bahari.

Niwaambie kazi ya upande wa pili, maana naona mnaifanya kwa haraka. Kwa kipimo cha titi, mama halali chali. Analala kifudifudi, na matiti yanashuka ndani ya mashimo mawili yaliyo kwenye kitanda. Mumwambie mapema, nje, akiwa bado amevaa, asije akashituka akiwa uchi. Paji la uso mulitegemezee vizuri, kwa sababu shingo ndiyo inaleta kulalamika. Masikio mumfunike. Mwambieni itapiga kelele kama watu wanaonyoosha mabati, na kwamba katikati atasikia baridi kidogo ndani ya mkono, ile ni dawa inayoingia kwenye mshipa. Uvimbe mbaya unainywa dawa ile upesi kuliko nyama nyingine, unawaka kwenye picha. Ndivyo Daktari Kahindo alivyonielewesha. Na kwa wale ambao bado wanaona mwezi, muwaulize damu ilikuja lini, kwa sababu kuna siku titi lenyewe linawaka bure na kudanganya. Daktari anawapenda wiki ile ya baada ya damu kukauka. Muulize taratibu, na bwana akiwa nje. Bwana akikataa kutoka, mutumeni akanunue maji.

Na musidanganye watu kwamba kila titi linapelekwa IRM. Hapana. Mkono wa daktari kwanza, halafu ekografi, ile wanayopimia wajawazito, halafu picha ya kawaida, halafu sindano ya kuchukua kipande. IRM ni ya pale daktari anapojua ugonjwa upo, ungali mdogo, na anataka kujua umefika wapi.

Alors. Siku moja wakati wa kula, tulikuwa nyuma ya jengo, mimi na Mama Zaituni, na lituma yetu, ndizi za kupondwa, na samaki. Akaacha kula. Akauchukua mkono wangu, bado una mafuta ya samaki, akauweka kwenye titi lake la kushoto, kwa juu, karibu na kwapa.

"Unasikia nini?"

"Sisikii kitu, yaya."

"Finya."

Nikafinya. Haikuwa jiwe. Ilikuwa kama kitambaa kilichokunjwa vibaya chini ya ngozi. Nikautoa mkono. Akaendelea kula.

"Maliza lituma yako," akaniambia. "Inapoa."

Daktari Kahindo, huyu wa kike mliye naye mpaka leo, alifanya yote kwa utaratibu. Sindano ikasema ndiyo, ni kansa, lakini ingali changa. Akatuita wote wawili, kwa sababu Mama Zaituni alisema haingii bila mimi. Daktari akatueleza kwa kuchora na kidole juu ya meza.

"Mama, hii aina yako haikai kama jiwe. Inatembea kama mizizi. Picha ya kawaida inaonesha mwanzo, mwisho haioneshi. Nataka IRM. Kama iko peke yake, nakata kipande kidogo, titi inabaki. Lakini kisha unapaswa kwenda kupigwa miale, na hiyo mashine ya miale hapa hatuna, ni safari ya mbali. Kama iko na wenzake, naondosha titi yote."

"Na bila IRM?"

"Bila IRM nitakata nikiwa kipofu. Kwa kuogopa, nitaondosha yote. Ama nitaacha mizizi ndani."

Mama Zaituni akatikisa kichwa, ndiyo. Halafu macho yake yakashuka juu ya mkono wake wa kushoto. Mimi niliona. Daktari hakuona.

Tukiwa kwenye korido akasema, "Siingii."

"Yaya, ni bangili tu. Sabuni tutapata."

"Haiko mambo ya sabuni."

Ndipo akanieleza kitu ambacho miaka yote hakuwa amenieleza. Kwao, bangili ile bibi anamvisha mjukuu, na haitoki. Anayeitoa ni mwanamke mmoja tu, yule atakayemwosha siku ya kufa. Anaitoa kwa maji, kabla ya kuosha mwili, halafu inaenda kwa mwingine. Ya bibi yake ilitoka hivyo. Mwanamke anayevuliwa bangili akiwa hai, kwao ni kama amekubali kuoshwa.

Tonton Dieudonné alikuwa anapita, akasikia nusu, akafikiri shida ni mkono mnene. "Mama Zaituni, mimi niko na koleo. Dakika moja nakata, kisha fundi wa fedha atakuunganishia."

"Kata kwanza ndevu zako," Mama Zaituni akamjibu. "Halafu uje tuzungumuze koleo."

Nilikasirika, sitawaficha. Mwanamke huyu alinifundisha mimi kumuuliza mtu mara tatu. Alivua medali za masista. Alivua hirizi za watoto wa shehe. Wote aliwaambia maneno yale yale: mpe mwenzako akushikie, utaikuta. Na yeye mwenyewe anakataa! Nikamwambia hivyo, mbele ya wagonjwa waliokaa foleni.

"Wale walikuwa na mimi," akasema. "Mimi niko na nani? Sina mutoto mwanamuke. Binti wa kaka yangu iko Kampala. Nani ataniosha? Weye, mukatoliki?"

Akaenda. Kesho yake hakuja kazini. Kesho kutwa pia. Chumba cha kuvulia kikawa na mimi tu, na hakuna aliyebisha. Nilikuwa navua wamama huku nikifikiri mizizi inatembea. Daktari alikuwa ananiuliza kila asubuhi kwa macho, na mimi ninaangalia pembeni.

Sasa mjue jambo moja: Mama Zaituni alikuwa anaogopa mto. Amezaliwa hatua chache kutoka majini, na tangu nimjue alikuwa hajavuka kuja Lubunga, hata nilipozaa, hata nilipofiwa na bwana. Alikuwa anatuma mtu. Basi asubuhi moja, mimi bado ninafagia uwanja, naona mwanamke mrefu anapanda kutoka upande wa pirogi, amelowa mpaka magotini, amemshika mpiga kasia kwa kola ya shati kama mwizi. Yule kijana analia, "Mama, niachilie, tumekwisha kufika!"

"Huyu rafiki yako alikuwa anatikisa mutumbwi kwa makusudi," akaniambia. Hiyo ndiyo salamu yake. Akakaa kwenye kibao changu cha jikoni. Akapumua. Akasema, "Leta basini na maji. Na sabuni."

Nikaleta. Akakunja mkono wa nguo.

"Nimefikiri sana," akasema. "Desturi inasema anayeniosha ndiye anaitoa. Haikusema anioshe yote siku moja. Alors, weye leo utaniosha mukono. Mukono tu. Mwili mwingine wote ungali wangu."

Nikamuangalia. Hakuwa anacheka, lakini pembe ya mdomo ilikuwa inatetemeka.

"Na kama wa kwenu watauliza?"

"Watauliza nani? Wote wale wanaogopa mto."

Nikamwosha mkono. Nilianzia kwenye bega nikashuka, polepole, jinsi waoshaji wa kwao wanavyofanya, kwa sababu nilikuwa nimeuliza wakati mmoja. Yeye alikuwa anasoma maneno yake ya dini chini kwa chini, mimi ninasema Salamu Maria chini kwa chini, na kuku wangu wanatuzunguka wakifikiri tunamwaga mchele. Halafu bangili. Sikilizeni, maana hii mtaihitaji: musivute. Chukueni mfuko laini wa plastiki, muuingize chini ya bangili, muufunike mkono wote, mupake sabuni juu ya plastiki. Kidole gumba mukikunje ndani ya kiganja. Halafu munazungusha bangili, munasukuma, munazungusha. Ilimuumiza. Iliniumiza na mimi. Ikatoka.

Pale ilipokuwa ngozi ilikuwa nyeupe kidogo, laini kama ya mtoto. Akaigusa kwa kidole.

"Sijaona hii fasi ya mukono tangu nikiwa musichana," akasema.

Nikaifunga bangili ndani ya kitambaa, nikaishika, nikamwahidi haitashikwa na mkono mwingine. Tukavuka mto pamoja, yeye amefumba macho, mkono ule mtupu umeshika liputa yangu.

Kule hospitali nilimvua mwenyewe. Nilimuuliza mara tatu, akanitukana mara mbili. Tukafika kwenye mstari mwekundu, na hapo ndipo niligundua: mimi ndiye niliyekuwa na bangili. Siwezi kuvuka. Kuiweka chini siwezi. Kumpa mtu mwingine, hata Tonton Dieudonné, siwezi, kwa sababu nilimwahidi mkono wangu. Kwa hiyo mara ya kwanza, yeye akavuka, mimi nikabaki. Infirmière, muuguzi wa mle ndani, akamlaza. Nikasimama mahali pale pale alipokuwa anasimama yeye miaka yote, na nikajua kwamba kutoka hapo huoni kitu. Unaona nyayo za miguu tu. Miaka yote alikuwa ananiachia wamama wale na kuona nyayo.

Kabla hawajafunga mlango nikabisha kwenye ubao wa mlango, uliofungukia upande wangu, kwa bangili yake: ko, ko.

Nyayo zikatulia.

Picha ilitoka safi. Daktari Kahindo akatuita, akageuza skrini. Titi la kulia, giza tupu, zuri. La kushoto, mahali pamoja panawaka, padogo, penye vidole vifupi. "Mizizi imekomea hapa," akasema. "Iko peke yake, Mama. Haiko na wenzake."

Mama Zaituni akasema alhamdulillahi, na mimi nikaanza kulia, na kila mtu akafikiri ni furaha. Ilikuwa furaha. Lakini nilikuwa nimesikiliza vizuri ile siku ya kidole juu ya meza. Iko peke yake maana yake kipande kidogo. Kipande kidogo maana yake miale. Miale maana yake Kampala, kwa binti wa kaka yake. Ile picha nzuri ndiyo ilimchukua. Na ninyi msinielewe vibaya: wakinirudisha kwenye ule mstari leo, nitaomba picha ile ile.

Alikatwa, akapona vizuri. Daktari alitoa na tezi ya kwapa kuipima. Siku nilipomletea bangili ili nimvishe, Daktari akatukataza. Mkono ambao kwapa lake limeguswa hauvai tena kitu cha kubana, haupimwi presha, haudungwi sindano. Unaweza kuvimba na usirudi. Muyaweke hayo kichwani, mugonjwa akija na kovu la kwapa mumpime na kumdunga mkono mwingine.

"Basi mkono wa kulia," nikasema.

"Wa kulia ni wa kulia chakula," Mama Zaituni akajibu. "Nisianze kugonga sahani katika uzee." Akanikunjia vidole vyangu juu ya bangili. "Umenivua, donc utakaa nayo. Nikirudi utanipa. Nisiporudi, kazi yako ingali haijaisha, mukono ni mumoja tu uliouosha."

Miale ilikwisha kitambo. Anaendelea vizuri, kila wakati wanampima na wanamkuta safi. Lakini lazima awe karibu na wale wanaompima, na miguu yake imechoka, na ndege ni pesa. Kwanza alisema atarudi baada ya mfungo. Halafu baada ya mvua. Sasa hatuzungumzii tena kurudi.

Bangili iko hapa. Haiingii mkononi mwangu, mimi ni mnene wa mifupa. Wajukuu wangu wanataka kuijaribu, ninawafukuza. Ijumaa, baada ya sala yake, simu inalia. Haniulizi habari, wala presha, wala watoto. Anasema neno moja:

"Bisha."

Ninaitoa kwenye kitambaa, ninaenda mlangoni kwangu, mlango unaoangalia mto, ninaweka simu karibu na ubao. Ko, ko. Halafu ninangoja, kama alivyonifundisha, hata kama mlango uko wazi.